Nani Mwenye Kauli Ndani ya Zahanati?

Desemba 2014, msichana wa Kaunti ya Kisii alifikishwa kituo cha afya akitapika na kuvuja damu nyingi. Alikuwa na umri wa miaka 14. Mapema mwaka huo alikuwa amenajisiwa na mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, akashika mimba, kisha ikatolewa kisirisiri na mtu asiye na ujuzi. Kituo kilichompokea hakikuweza kumtibu, akapelekwa kingine, halafu kingine, huku figo zikizidi kuharibika. Alipigwa danadana na mfumo wa afya katika saa ambazo kila dakika ilikuwa na uzito wake. Aliishi akiugua figo hadi Juni 2018, akafariki. Katika kumbukumbu za mahakama anajulikana kwa herufi tatu tu: JMM.

Juni 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walitoa hukumu katika kesi ambayo mzazi wake na mawakili wanawake wa FIDA-Kenya waliifungua mwaka 2015. Majaji walisema serikali ilivunja Katiba ilipofuta mwongozo wa kuwaelekeza wahudumu wa afya namna ya kumsaidia mgonjwa kama yeye. Waliamuru familia ilipwe fidia ya shilingi milioni 3. Walisema pia kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona kuwa uhai au afya ya mama, ikiwemo afya ya akili, imo hatarini.

Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba Katiba ilikuwa imeshalitamka hilo tangu 2010. Tangu enzi za ukoloni, Wakenya wamekuwa wakigombania swali moja: mwanamke anapofika zahanati na mimba iliyomtia hatarini, kauli ni ya nani? Ni ya mhudumu aliye mbele yake, au ya polisi, mbunge, askofu na rais wa nchi ya mbali?

Sheria ya mkoloni

Mwaka 1861, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya makosa dhidi ya mwili wa mtu, iliyofanya utoaji mimba kuwa jinai nzito. Fikra ileile iliingizwa katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya mwaka 1930. Kifungu cha 158 kinamtishia anayemtoa mwanamke mimba kwa kifungo cha miaka 14. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 7. Cha 160 kinampa miaka 3 anayetoa dawa au chombo akijua kitatumika kwa kazi hiyo. Afueni ya tabibu ilikuwa katika kifungu cha 240, kinachomkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama.

Uingereza yenyewe ilianza kulegeza kamba mapema. Mwaka 1938, daktari Aleck Bourne alishtakiwa London kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi. Jaji aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba kuokoa maisha ya mama hakumaanishi kungoja mpaka awe anakata roho, na kwamba kumkinga asiharibikiwe kabisa kimwili au kiakili nako kumo ndani ya maneno hayo. Bourne akaachiliwa. Mwaka 1959, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliufuata msimamo huo katika kesi ya Mehar Singh Bansel. Lakini uamuzi uliofungiwa katika vitabu vya mawakili haukumfikia muuguzi wa kijijini. Yeye alijua kitu kimoja: miaka 14 jela.

Mwaka 1967, Uingereza ilipitisha sheria mpya iliyoruhusu utoaji mimba kwa idhini ya madaktari wawili. Kenya huru ilibaki na maandishi ya 1930, na vifungu vile vya 158 hadi 160 vimo kitabuni mpaka leo.

Bunge la wanaume watupu

Mwaka huohuo wa 1967, Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi, miongoni mwa mipango ya kwanza kabisa barani Afrika kusini mwa Sahara. Chama cha Upangaji Uzazi cha Kenya, FPAK, kilikuwa kimeshaanza kazi mwaka 1962. Palikuwa na minong'ono kwamba vidonge na koili ni njama ya wazungu ya kupunguza Waafrika, na mwanasiasa anayehesabu kura za jamii yake hakuwa na haraka ya kuuunga mkono mpango huo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha wastani umeshuka hadi 3.4. Kwa sehemu kubwa, mageuzi hayo yaliletwa na wauguzi na wahamasishaji waliotembea nyumba kwa nyumba.

Lakini pale haki ya mwanamke ilipogusa mfuko wa mwanamume, Bunge lilionyesha rangi yake. Sheria ya mwaka 1959 ilimpa mama asiye na ndoa haki ya kumshtaki baba wa mtoto na kudai matunzo. Juni 1969 wabunge waliifuta. Hoja zao zilikuwa kwamba wanawake wanaitumia kujitajirisha, na kwamba ni mila ya kigeni. Ukumbini hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kuwajibu: Grace Onyango, mbunge mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, aliingia Desemba mwaka huo, ngoma ikiwa imeshachezwa. Tuutazame vizuri uamuzi huo. Nchi ilimwambia msichana kwamba akitoa mimba atafungwa miaka 7, na akizaa, mzigo ni wake peke yake.

Kalamu ya Washington

Mwaka 1984, serikali ya Rais Ronald Reagan ilitangaza katika mkutano wa idadi ya watu mjini Mexico City kwamba shirika lolote la kigeni linalotoa huduma ya kutoa mimba, kutoa ushauri kuihusu, au kupigania sheria ilegezwe, halitapata fedha za Marekani za upangaji uzazi. Hata shirika likitumia fedha zake lenyewe kwa kazi hiyo, limejifungia mlango. Bill Clinton aliifuta sera hiyo 1993, George W. Bush akairudisha 2001, Barack Obama akaifuta 2009, Donald Trump akairudisha 2017 na kuipanua iguse misaada ya afya kwa jumla, Joe Biden akaifuta 2021, na Trump akairudisha tena Januari 2025.

Kwa Wamarekani hiyo ni kalamu ya siku za kwanza za urais. Kwa Kenya ni kufunguliwa na kufungwa kwa milango ya kliniki. Baada ya 2001, FPAK ilikataa kutia sahihi masharti hayo, ikapoteza msaada, ikapunguza wafanyakazi na kufunga baadhi ya kliniki zake. Katika kliniki za namna hiyo mama hupata sindano ya kupanga uzazi, hupimwa mlango wa kizazi na huchanjiwa mtoto. Anayezuiwa kupanga uzazi leo ndiye atakayebeba mimba asiyoitaka kesho, na sera iliyotangazwa kwa nia ya kupunguza utoaji mimba ikaondoa kinga iliyokuwa inaupunguza.

Kijani na nyekundu

Mwaka 2004, vijusi 15 viliokotwa vikiwa vimetupwa Nairobi. Daktari wa magonjwa ya wanawake, John Nyamu, na wauguzi wawili walikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji, kosa lisilokuwa na dhamana. Walikaa rumande takriban mwaka mzima kabla ya Mahakama Kuu kuwaachilia mwaka 2005 kwa kukosekana ushahidi. Kesi ile iliwatia hofu wahudumu nchi nzima, na papo hapo ikawakusanya mawakili, madaktari na watetezi wa wanawake waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kivyake.

Walikutana na wapinzani wao katika uandishi wa Katiba mpya. Makanisa yalitaka iandikwe kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na ikaandikwa hivyo. Wengi wa waumini waliosimama na maaskofu walifanya hivyo kwa imani ya dhati, wakiamini wanamtetea asiye na sauti. Lakini ibara ya 26(4), iliyokataza utoaji mimba, iliacha mlango wazi: ikiwa kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Ibara ya 43 ikamhakikishia kila mtu kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi.

Kampeni ya kura ya maamuzi ilikuwa kali. Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waliongoza kambi ya kijani ya "Ndiyo". William Ruto, rais mstaafu Daniel arap Moi na viongozi wengi wa makanisa walisimama upande mwekundu, wakitaja utoaji mimba na Mahakama za Kadhi kuwa sababu kuu za kuipinga rasimu. Tarehe 4 Agosti 2010, zaidi ya thuluthi mbili ya wapigakura walisema ndiyo. Walikuwa wameisikia hoja ya utoaji mimba mimbarani na kwenye majukwaa kwa miezi, na bado wakaipitisha Katiba.

Kutoa kwa mkono huu, kunyang'anya kwa ule

Oktoba 2010, serikali iliridhia Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake wa Afrika, lakini ikajiondoa katika kipengele kinachoruhusu utoaji mimba kwa waliobakwa. Septemba 2012, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama. Mwaka 2013, wizara hiyohiyo pamoja na kituo cha utafiti cha APHRC walikadiria kwamba mimba 464,690 zilitolewa Kenya mwaka 2012, na karibu wanawake 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Hesabu ikiwa bado mbichi, Desemba 2013 wizara iliuondoa mwongozo wake. Februari 2014 ukafuata waraka ulioonya wahudumu wasihudhurie mafunzo ya utoaji mimba salama. Mwisho wa mwaka huohuo, JMM alifikishwa kituoni akivuja damu.

Bungeni nako mambo hayakwenda mbele. Muswada wa afya ya uzazi wa Seneta Judith Sijeny wa 2014 haukufika popote, na wa Seneta Susan Kihika wa 2019 ulipingwa vikali na makundi ya kidini mpaka ukakwama.

Polisi nao waliendelea na kitabu cha 1930. Septemba 2019, miezi mitatu baada ya hukumu ya JMM, mwanafunzi wa sekondari aliyepata matatizo ya mimba aliingia kliniki moja eneo la Ganze, Kaunti ya Kilifi. Tabibu alimpima, akaona mimba imeharibika, akaanza kumtibu. Polisi wakavamia, wakakatiza matibabu, wakachukua faili lake na kuwakamata wote wawili. Binti, anayetajwa mahakamani kama PAK, alilala rumande ya watoto zaidi ya mwezi. Machi 2022, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi alifuta mashtaka na kulitaka Bunge lioanishe sheria na Katiba. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa.

Mwenye pesa hayumo katika historia hii ya mahabusu. Anaingia hospitali ya binafsi, anatibiwa kimya kimya na kurudi nyumbani. Katika kesi hizi mbili, waliofikiwa na mkono wa sheria au na mauti ni binti wa Kisii na binti wa Ganze. Asiyekubali utoaji mimba ana haki kamili ya kuhubiri na kushawishi. Hana haki ya kumfunga muuguzi mikono wakati mgonjwa anavuja damu, kwa sababu hata kitabu cha mkoloni hakikukataza kuokoa maisha.

Wananchi walitoa kauli yao mwaka 2010: maoni ni ya mtaalamu wa afya. Kazi iliyosalia ina wenyewe. Bunge lirekebishe vifungu vya 158 hadi 160 vilingane na Katiba. Wizara ihakikishe kila zahanati ina mwongozo ulio wazi, dawa na mhudumu aliyefunzwa. Nao polisi waambiwe kwa maandishi kwamba mgonjwa hakamatwi kitandani. Mpaka hayo yafanyike, Katiba yetu itaendelea kusomwa mahakamani baada ya mazishi.