Ngoma za zamani kwenye mnada wa intaneti: mahali mnunuzi anaumia

Ngoma kutoka mashariki mwa Kongo inaonekana ku kurasa za mnada za Ulaya karibu kila mara namna moja: picha tatu ao ine, urefu kwa sentimeta, jina la kabila, na maneno "mwanzo wa karne ya 20". Chini kuna saa inayohesabu dakika zilizobaki. Anayetazama si Mzungu peke yake. Mtoto wa Kasongo ao wa Kabambare anayeishi Brussels naye anaikuta mu simu, anatuma picha kwa familia, na watu wanaanza kuuliza kama wachange feza ili ngoma irudi nyumbani. Vita vilivyopita huku vilifanya manyumba mengi yapoteze vitu vya mababu, njo maana moyo unakimbia mbele ya akili.

Kwanza bei. Ile inayoonekana ku picha si ile utakayolipa. Mnada unaanza chini ili kuita watu, na mara nyingi muuzaji ameficha bei yake ya mwisho: usipoifikia, ngoma haiuzwi hata kama wewe njo wa juu. Mnunuzi anaandika kiasi kikubwa kabisa anachokubali kutoa, kisha mashine inampandishia polepole kila mwingine anapoongeza. Wengi wanangoja sekunde za mwisho, na hapo mtu anaongeza kwa hasira. Juu ya bei ya mwisho, nyumba nyingi za mnada zinakata komisyo ya mnunuzi, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 30.

Usafiri haumo. Kampuni nyingi zinazobeba mizigo kwa ndege hazitazami kilo peke yake, zinatazama pia nafasi ambayo kisanduku kinachukua: urefu mara upana mara kimo kwa sentimeta, unagawanya kwa 5000. Kisanduku cha 60 kwa 40 kwa 40 kinahesabiwa kilo 19,2 hata kama ngoma ndani yake ina kilo 8. Ngoma ni kitu cha uwazi, unalipia hewa. Na hiyo ni mpaka uwanja wa ndege. Kutoka pale mpaka Kasongo, kila mkaaji anajua barabara zetu.

Sasa umri, ambapo udanganyifu ni mwingi. Muti mupya unaweza kuzeeshwa kwa mwezi mmoja: unatundikwa juu ya moshi wa jiko, unapakwa mafuta na udongo, unafukiwa chini ili mchwa wale kidogo. Mchongaji wa hapa mara nyingi hana kosa. Yeye aliuza ngoma mupya kwa bei ya ngoma mupya. Neno "zamani" liliongezwa njiani. Ngoma iliyotumika kweli haichakai sawasawa. Inang'aa mahali mkono ulishika, inalika mahali fimbo ilipiga, na kwingine inabaki kavu. Ukiona uchafu wa rangi moja pote, hata kwenye pembe ambayo mkono haufiki, simama kwanza. Lakini msumari ao ngozi mupya si alama ya uongo: mpigaji hubadilisha ngozi ikipasuka, sawa mkulima anavyobadilisha mpini wa jembe. Kosa ni muuzaji kunyamaza juu yake.

Kwa ngoma ya muti mutupu yenye mpasuko, ile inayotuma habari, kuna kipimo kimoja kinachopita vyote, na picha haiwezi kukitoa: sauti. Mchongaji anatoboa muti kupitia mpasuko mwembamba na kuacha ukuta mmoja munene kuliko mwingine, ili upande mmoja utoe sauti ya juu na mwingine ya chini. Kwa sauti hizo mbili ngoma inafuata kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, alieleza jambo hilo mu kitabu chake cha 1949 juu ya ngoma zinazosema. Ngoma inayolia sawa pande zote mbili ilichongwa juu ya kutazamwa. Basi muuzaji aombwe video fupi, apige pande zote mbili. Akikataa, hilo nalo ni jibu. Video ikipatikana, itumwe kwa wazee mbele ya kutoa bei. Mzee aliyekua akisikia ngoma ya kijiji atasema mengi kuliko karatasi ya mtaalamu asiyefika huku.

Jina la kabila nalo linauzwa. Walega wanajulikana sana mu biashara ya vitu vya sanaa, kwa hiyo kitu chochote kutoka Maniema kinaweza kubandikwa jina lao. Lakini Walega wa Maniema wako zaidi upande wa Pangi. Kabambare ni kwa Wabangubangu, na Kasongo iko na Wakusu, Wazimba na wengine. Olga Boone wa makumbusho ya Tervuren alipanga ngoma za Kongo kwa namna na kwa mahali mu kitabu chake cha 1951. Kulinganisha picha na kazi yake kunaondoa makosa mengi.

Halafu kuna hadithi ya safari. Mwaka 1893, tarehe 22 mwezi wa nne, majeshi ya Francis Dhanis yaliteka Kasongo mu vita na Sefu, mtoto wa Tippo Tip. Muuzaji akiandika kwamba babu yake ofisa aliitoa ngoma pale, bei inaruka. Aulizwe barua, picha ya zamani, namba ya makumbusho. "Mkusanyo wa familia ya Ubelgiji" bila jina wala mwaka si ushahidi. Na kama ushahidi upo, swali lingine linaamka: ngoma iliyochukuliwa kwa bunduki, ni nani ana haki ya kuiuzisha? Kila familia ijibu kwa dhamiri yake.

Kwa zilizotoka karibuni, sheria ni wazi zaidi. Amri-sheria ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inalinda vitu vya kale vya Kongo, na haviwezi kutolewa inchini bila ruhusa. Ngoma iliyovuka mpaka kimya inaweza kukamatwa siku moja kwa yule aliyeinunua, na feza yake isirudi. Wengine wanafikiri sheria ya Ubelgiji ya 2022 juu ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni itawasaidia. Ile inagusa mikusanyo ya serkali. Mwaka huohuo Ubelgiji ilikabidhi Kinshasa orodha ya vitu karibu 84.000 vya Tervuren. Ngoma iliyo sebuleni kwa mtu binafsi haiguswi na sheria hiyo.

Ngozi pia iulizwe ni ya mnyama gani. Chui, chatu na kenge wako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaofanya kazi tangu 1975. Kuwavusha mpaka bila karatasi ni kumpa mtu wa duane zawadi. Ngozi ya mbuzi ao ya ng'ombe haina shida hiyo, ila nayo inapasuka ikitoka kwenye unyevu wetu na kuingia nyumba za Ulaya zenye hewa kavu.

Anayetaka paka ngoma ya kupiga kwenye arusi ao kanisani, haina haja ya mnada: mchongaji wa kijiji atamfanyia moja, na ataisikia mbele ya kulipa. Anayetaka ile ya zamani, alipe ndani ya ukurasa wa mnada, hata muuzaji akimwita pembeni na kupunguza bei. Na ngoma ikifika, kisanduku kifunguliwe siku hiyohiyo huku simu ikirekodi. Siku za kulalamika ni chache, na mara nyingi zinahesabiwa tangu mzigo ulipopokelewa. Ngoma iliyokaa wiki tatu kwa shangazi Brussels bila kufunguliwa, ufa wake sasa ni wa mnunuzi.