Injini za vita zinavyofufuliwa kunguruma tena ardhini

INJINI ya ndege ya kivita ya miaka ya 1940 haikuundwa ili idumu. Ilitarajiwa kufanya kazi kwa saa mia chache tu kabla ya kufunguliwa na kukarabatiwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika mwaka wa 1945, maelfu ya injini hizo zilikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu.

Hata hivyo, baadhi ya zile zilizosalia zingali zikiwashwa mbele ya watazamaji nchini Uingereza, Marekani na kwingineko. Nyingi hazirudi angani. Hufungwa juu ya trela au fremu ya chuma, au huachwa kwenye ndege isiyoruka, zikangurumishwa kwa dakika chache kisha zikazimwa.

Kazi hiyo huzua swali zito: je, ni heri injini adimu iwashwe huku ikichakaa, au inyamazishwe ili ihifadhiwe?

Sababu ya kubaki ardhini si vigumu kuielewa. Injini ikizimika ghafla kwenye trela, hasara ni ya chuma na fedha. Ikizimika angani, maisha ya watu yamo hatarini. Ndege ya Kijerumani aina ya Messerschmitt Bf 109, iliyotekwa nchini Libya mwaka wa 1942, ilikarabatiwa kwa takriban miaka 19 na kuruka tena mwaka wa 1991. Mnamo Oktoba 1997, ilipinduka ilipokuwa ikitua kwa dharura huko Duxford, Uingereza. Rubani alinusurika, lakini ndege hiyo haikuruka tena. Ilitengenezwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho.

Ufufuzi wenyewe huanza polepole. Injini iliyokaa miongo kadhaa kwa kawaida huwa imeshikana: pistoni zimeganda ndani ya silinda, mipira ya kuzuia mvujo imekauka, na sehemu zilizotengenezwa kwa magnesiamu zimeliwa na kutu. Mafundi humimina mafuta mepesi ndani ya silinda na kusubiri, wakati mwingine kwa wiki nyingi. Anayetumia nguvu kabla ya wakati huvunja kifaa kisichopatikana tena popote.

Inapofunguliwa, kila sehemu hupigwa picha, hupewa nambari na kupimwa. Vyuma hupakwa unga wa sumaku, na aluminiamu hupakwa rangi maalumu, ili kufichua nyufa zisizoonekana kwa macho. Hata spana ni tatizo, kwa kuwa injini za Uingereza za enzi hizo zina nati za vipimo vya Kiingereza ilhali za Ujerumani hutumia milimita.

Siku ya kuwasha, hatari kubwa huwa ni mafuta yaliyochuruzika na kutuama katika silinda za chini. Tatizo hili huzikumba hasa injini ambazo silinda zake zimepangwa kwa duara, pamoja na zile za Kijerumani zilizofungwa kichwa chini. Mafuta hayashindiliki kama hewa. Injini ikizungushwa kwa nguvu ya mtambo huku mafuta yamejaa, mkono wa pistoni hupinda au kuvunjika. Ndiyo sababu mafundi hung'oa plagi na kuizungusha rafadha kwa mikono kwanza, wakisikiliza na kupapasa.

Baada ya hapo, mafuta ya kulainisha husukumwa hadi kwenye beringi kabla ya cheche ya kwanza. Injini ikishawaka, huachwa ipate joto taratibu na haifikishwi kamwe kwenye nguvu za kupaa. Ndege inaporuka, upepo hupooza radieta. Ikiwa imesimama, upepo huo hautoshi na joto hupanda upesi. Watazamaji huwekwa mbali, nao wenye vizimamoto husimama tayari.

Ugumu wa kazi hutegemea aina ya injini. Rolls-Royce Merlin, yenye silinda 12 na ujazo wa lita 27, iliundwa kwa idadi inayokaribia 150,000, nyingine zikitengenezwa na kampuni ya Packard nchini Marekani. Vipuri vyake vingali vinapatikana. Injini hiyo haikuwa ngeni hata Afrika Mashariki: mwaka wa 1940, ndege za Afrika Kusini aina ya Fairey Battle, zilizotumia Merlin, zilipaa kutoka Kenya kwenda kushambulia ngome za Italia nchini Ethiopia.

Napier Sabre ni kisa tofauti kabisa. Ina silinda 24 na mihimili mikuu miwili, na ilizalisha zaidi ya nguvu za farasi 2,000. Badala ya vali za kawaida, kila silinda ina bomba la chuma lenye matundu, ambalo hupanda na kushuka huku likizunguka baina ya pistoni na ukuta wa silinda. Viwanda vyenyewe vilitaabika wakati wa vita kuyafanya mabomba hayo yawe duara kamili. Sabre ndiyo iliyoendesha ndege za Hawker Typhoon. Kati ya Typhoon zaidi ya 3,300 zilizoundwa, ni moja tu kamili iliyosalia. Bomba moja likikwaruzika, hakuna duka la kulinunua.

Kwa nini basi watu wajitwike mzigo huu? Jibu mojawapo liko East Kirkby, mashariki mwa Uingereza. Christopher Panton aliuawa usiku wa Machi 30 kuamkia Machi 31, 1944, katika shambulio la Nuremberg ambapo Uingereza ilipoteza ndege 95. Wadogo zake, Fred na Harold, walinunua ndege ya Lancaster mwaka wa 1983 na kuifanya kumbukumbu yake. Tangu miaka ya 1990, injini zake nne za Merlin zimekuwa zikiwashwa na ndege hiyo kutembezwa ardhini mbele ya umma.

Wanaopinga husema kumbukumbu haihitaji kelele, na kwamba kila mzunguko hukwangua chuma asilia kisichoweza kurejeshwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini injini iliyonyamaza huzika pia ujuzi. Waliozihudumia vitani wengi wao wamefariki, na vitabu vya maelekezo havifundishi jinsi mkono unavyohisi silinda iliyojaa mafuta.

Njia ya busara ni kuhesabu vipuri kabla ya kuhesabu watazamaji. Yenye vipuri tele iwashwe, vijana wajifunze kwayo. Iliyobaki peke yake ipimwe, ichorwe na kuandikiwa rekodi kamili, na isiwashwe mpaka sehemu zinazochakaa zitengenezewe mbadala, nazo zile za asili ziwekwe rafuni.