Herufi za Mbiu: Asili na Matumizi ya Herufi Nene Zenye Serifi

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika uchapaji pia iko mbiu, ila haina sauti. Nazo ni zile herufi kubwa, nene, zenye ncha pana kichwani na miguuni, ambazo huandikiwa vichwa vya habari, mabango na majalada ya vitabu. Mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali huzitumia mara kwa mara. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili yake, kupendekeza jina la kuziitia, na kuonyesha mahali zinapoifaa lugha yetu na mahali zinapoidhuru.

Tangu uchapaji wa herufi za risasi uanze Ulaya katikati ya karne ya 15, kazi kubwa ya herufi ilikuwa kitabu, kitu cha kusomwa mkononi kwa utulivu. Mwanzoni mwa karne ya 19 biashara ilipopanuka mjini London, yalihitajika matangazo yanayoonekana kutoka upande wa pili wa njia. Robert Thorne alikuwa miongoni mwa waliozinenepesha herufi: mistari ya wima ikawa minene kupita kiasi, na ya mlalo ikabaki myembamba kama uzi. Kati ya 1815 na 1817 Vincent Figgins akatoa herufi ambazo serifi zake zenyewe ni nene, mfano wa vipande vya tofali. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuchonga herufi za mbao kwa mashine, kwa kuwa herufi za risasi za ukubwa ule zilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1845 kiwanda cha Robert Besley, London, kikatoa Clarendon, iliyokusudiwa kukaa pamoja na herufi za kawaida ili kulikoza neno katikati ya maandishi. Desturi ya kamusi kukoza vidahizo vyake ni ya ukoo huo. Na mwaka 1922 Oswald Cooper wa Chicago akatoa Cooper Black, nene na yenye serifi za mviringo.

Huku pwani, kabla ya hati za Kirumi kuenea, waandishi wa hati za Kiarabu walikuwa na njia zao za kutilia mkazo: walirefusha herufi, au walibadili wino kutoka mweusi kwenda mwekundu. Uchapaji wa Kiswahili kwa hati za Kirumi ulishika mizizi Unguja katika miaka ya 1870, chini ya Edward Steere wa misheni ya UMCA. Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi likawa linachapwa Tanga, na mwaka 1923 Mambo Leo likaanza Dar es Salaam.

Lakini herufi zenyewe zilitoka ng'ambo, zikiwa zimehesabiwa kwa mahitaji ya lugha za huko. Seti za herufi za mbao zilitajwa kwa idadi ya A zilizomo. Seti ya A tatu ikishapanga neno TANZANIA imekwisha A zake zote, na kichwa BARAZA LA KISWAHILI LA TAIFA kinadai A nane. Hapo mpanga herufi hana budi kupunguza maneno. Hivyo chombo kikaanza kuitawala lugha.

Sasa tulitazame jina. Herufi hizi zina sifa tatu, na kila sifa yataka istilahi yake. Unene wa mistari tuuite *unene*, na weusi unaotokana nao tuuite *ukozaji*. Ndiyo maana twasema herufi koza. Zile ncha wengine wangependa kuziita visigino. Jina hilo ni zuri, walakini serifi hukaa pia kichwani mwa herufi, kama katika T, na kisigino hakikai kichwani. Kwa hiyo twaona heri kulikubali neno *serifi*, ambalo halina maana nyingine ya kulichanganya. Ama kwa kazi yake ya kuita watu, twapendekeza *herufi za mbiu*.

Jina hilo linabeba kanuni ndani yake: mbiu huita, haisimulii. Tuseme tangazo la chanjo linabandikwa Masuguru. Maneno CHANJO MASUGURU yakiandikwa kwa herufi za mbiu, mpita njia atasimama. Lakini tangazo zima likiandikwa hivyo, litamshinda. Unene hula matundu ya herufi, na herufi ndogo a, e na o zikizibwa matundu hufanana. Katika Kiswahili irabu ya mwisho hubeba amri na taarifa: *walipe* si *walipa*, *waje* si *waja*. Alama ya king'ong'o nayo ikimezwa na weusi, *ng'oa* hugeuka *ngoa*. Kung'oa kukawa wivu.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa msomaji mpya. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma, na kwamba kufikia 1986 walibaki chini ya mmoja kwa kumi. Mamilioni ya waliojifunza katika kisomo cha watu wazima walisoma silabi kwa silabi. Msomaji wa namna hiyo akikosa silabi moja huweza kukosa siku ya chanjo.

Basi twashauri hivi. Herufi za mbiu zitumike kwa maneno mawili au matatu, yasizidi matano. Zichaguliwe zile zenye matundu wazi. Neno refu lenye viambishi vingi lisikatwe ili kulitoshelezea nafasi. Afadhali mfasiri atafute neno fupi. Na siku, mahali na masharti yaandikwe kwa herufi za kawaida, ambazo msomaji anaweza kuzifuata kwa kidole bila kukosea.