Mgonjwa ni Mtu Mzima

Neno saratani lilitufikia pwani kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kaa. Wanafalaki wetu hulitumia jina hilohilo kwa nyota ya nne katika zile kumi na mbili. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na tabibu Galen wa karne ya 2 aliona kwamba mishipa inayotuna kuzunguka uvimbe wa titi inafanana na miguu yake. Anayetamka saratani leo Kilangala, mkoani Lindi, anatamka taswira yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Pamoja na jina, lilisafiri wazo. Galen alifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo nyeusi ikizidi, huleta huzuni, na hiyohiyo huzaa saratani. Kwa hiyo huzuni na uvimbe vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Ibn Sina aliyaendeleza mafundisho ya majimaji manne katika Kanuni ya Tiba, mwanzoni mwa karne ya 11, na tiba ya vitabu ya pwani yetu, pamoja na vyakula vyake vya moto na vya baridi, ni tawi la mti huo.

Ndiyo maana sishangai ninaposikia watu wakisema, "Ni mawazo tu." Mama yangu mkubwa alipoanza kutokwa damu miaka mingi baada ya hedhi kukoma, ndugu walikaa wakahesabu: ameachwa na mume, korosho zimenunuliwa kwa bei ya kutupa, mtoto hana kazi. Sababu ikapatikana. Ilisemwa kwa upole na kwa mapenzi, lakini alichosikia yeye ni kwamba amejiletea mwenyewe. Akaanza kuficha maumivu, maana kulalamika kungekuwa ushahidi kwamba bado anawaza. Alipokubali kwenda kupimwa, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshaenea.

Saratani hiyo huletwa na kirusi. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua kwamba virusi vya papiloma, HPV, ndivyo vinavyoisababisha. Tanzania ilianza kutoa chanjo yake nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018. Kuhusu msongo wa mawazo wenyewe, mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa takwimu za Wazungu wapatao 116,000. Watafiti hawakuona kwamba msongo wa kazini unaongeza hatari ya kupata saratani. Msongo una madhara yake, hilo halina ubishi. Humsukuma mtu kwenye sigara na pombe, humnyima usingizi, humfanya aahirishe kwenda hospitali. Lakini kutoka hapo hadi kumwambia mgonjwa kwamba huzuni yake ndiyo iliyomwotesha uvimbe, ni kuruka mto usio na daraja.

Hata hivyo, ndugu waliokaa kuhesabu walikuwa na jambo la kweli mkononi. Walijua kwamba aliyeugua si mlango wa kizazi. Ni mke aliyeachwa, mama, mkulima mwenye deni. Historia ya hospitali haikuwa hivyo siku zote. Jengo la Ocean Road, Dar es Salaam, lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kama hospitali ya Wazungu. Mwaka 1996 likawa makao ya Taasisi ya Saratani, na kwa miaka mingi wagonjwa waliohitaji mionzi walielekezwa hapo kutoka kila kona ya nchi. Mtu wa Lindi alipaswa kuvuka Rufiji kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na hata baada ya hapo kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga ziliendelea kuwa tope kila masika kwa miaka kadhaa. Tiba ya mionzi huchukua wiki nyingi. Nani atampokea mjini? Nani atapalilia mikorosho? Mashine haiulizi hayo.

Aliyeyauliza kwa utaratibu ni Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari. Katika miaka ya 1960 aliandika juu ya maumivu kamili: ya mwili, ya moyo, ya jamii na ya roho. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's, London. Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990, na mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya kunywa na kuwafuata wagonjwa majumbani. Sisi tunaiita tiba shufaa. Mofini huja kwanza, kwani hakuna anayeweza kuzungumzia deni wala dua huku mwili unawaka.

Galen aliuliza: huzuni gani imekuletea ugonjwa huu? Saunders aliuliza: ugonjwa huu umekuletea huzuni gani? Swali la kwanza lilimfunga mdomo mama mkubwa. La pili lingemfungua.

Kiswahili kinalo neno la jambo hili. Mzima ni asiyeumwa, ni aliye hai, ni aliyekomaa, ni kitu kisichomeguka. Mgonjwa wa saratani amepoteza maana moja tu kati ya hizo. Basi ndugu wakikaa tena barazani kuhesabu, na wahesabu nauli ya kwenda Dar es Salaam, nyumba ya kufikia, na mabinti ambao bado hawajachanjwa.