Chumvi ya Jua na Sheria ya Mkoloni

Ndugu mkulima, kama unakaa karibu na pwani, jambo hili umeliona. Bamvua likijaa, maji ya bahari hupanda mpaka kwenye vidimbwi vya juu. Yakipwa, mengine hubaki humo. Jua likiwaka siku kadhaa, unakuta ukoko mweupe. Ndiyo chumvi hiyo, na hakuna aliyeipanda.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za namna mbalimbali, na kama gramu 27 ndiyo ile ya mezani. Lakini haitoki upesi. Sharti maji yapungue hata ibaki sehemu 1 hivi katika 10, ndipo chembe zianze kutua chini. Jasi hutangulia kutua, kwa hiyo wenye kazi hii huhamisha maji toka bwawa hadi bwawa ili jasi ibaki nyuma. Tena hawakaushi yote: maji ya mwisho yana magnesi, machungu kama shubiri, nayo humwagwa. Kuni hazihitajiki. Jua na upepo vinatosha, pamoja na mikono ya kutengeneza kingo.

Sasa fikiri uambiwe kwamba kuokota ukoko ule ni kosa la jinai! Ndivyo ilivyokuwa India, ng'ambo ya bahari yetu hii ya Hindi. Sheria ya Chumvi ya 1882 iliipa serikali ya Kiingereza peke yake haki ya kutengeneza chumvi, na kila aliyenunua alilipa kodi ndani yake. Wewe unayeshinda na jembe juani unajua jasho linavyotoa chumvi mwilini. Mkulima maskini wa huko aliihitaji kama wewe, yeye na ng'ombe wake, naye alilipa kodi ile ile aliyolipa tajiri aliyekaa kivulini.

Tarehe 12 Machi 1930 Mohandas Gandhi alitoka Sabarmati, jimbo la Gujarat, na wenzake 78, wakatembea kwa miguu kilometa 385 hivi kwenda kijiji cha pwani kiitwacho Dandi. Wapo waliomcheka: uhuru na chumvi wapi na wapi? Lakini njiani wakulima walijaa kumsikiliza, na wakuu wengi wa vijiji wakajiuzulu kazi ya serikali. Walifika tarehe 5 Aprili, wakati wa kiangazi kikali, majira hasa ya chumvi. Polisi walikuwa wamekwisha kuivuruga chumvi ya ufukweni kwenye matope. Kesho yake asubuhi Gandhi akainama, akaokota bonge la tope lenye chumvi.

Basi pwani nzima watu wakaanza kuchemsha na kuanika maji ya bahari. Mwaka ule walikamatwa zaidi ya watu 60,000, Gandhi mwenyewe mwezi wa Mei. Tarehe 21 Mei, kwenye mabwawa ya chumvi ya Dharasana, watu waliokwenda mikono mitupu walipigwa marungu yenye ncha za chuma, wala hawakurudisha pigo.

Machi 1931 Gandhi na Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme, waliandikiana mapatano. Sheria haikufutwa. Ila wanavijiji wanaokaa penye chumvi waliruhusiwa kuitengeneza kwa matumizi yao na kuiuza humo humo vijijini. Kodi yenyewe iliondolewa 1947, mwaka wa uhuru.