Majira Yaliyodhaniwa Maradhi

Tamthilia ya televisheni iitwayo The Mutants, waliyoitunga Bob Baker na Dave Martin, na ambayo BBC iliionyesha kwa sehemu sita baina ya Aprili na Mei 1972 katika mfululizo mashuhuri wa Doctor Who, yatuhadithia habari za sayari ya Solos, koloni la dola ya Dunia iliyochakaa na kufilisika, siku ile liwali alipowakusanya wenyeji kuwatangazia uhuru. Na kabla neno hilo halijamtoka kinywani, akauawa kwa hila za Jemadari, mkuu wa askari, ambaye bila koloni hana cheo.

Aghalabu hadithi hii hufasiriwa kuwa ni fumbo la utawala wa wachache weupe kusini mwa Afrika, na ithibati hazikosekani: katika kituo kinachoelea juu ya sayari, mlango wapitao mabwana sio wapitao wenyeji, na mwaka huo huo wa 1972 tume ya Lord Pearce ilikuwa Rhodesia ikiwauliza Waafrika kama wanayaridhia mapatano ya waziri mkuu wa huko, Ian Smith, na serikali ya Uingereza, nao walio wengi wakakataa. Tafsiri hiyo ni sahihi, walakini naiona haijaufikia mzizi.

Mimi naona dhuluma iliyo kubwa kuliko madini yaliyochimbwa na hewa iliyochafuliwa ni hii ya ukuaji wa watu kupewa jina la maradhi. Mwaka mmoja wa Solos ni miaka 2000 ya Dunia, kila msimu miaka 500, na majira yanapogeuka miili ya wenyeji hugeuka nayo, ikaota magamba na makucha kabla ya kulifikia umbo lake la mwisho, lenye nuru. Jemadari, ambaye umri wake wote hautoshi kuuona hata msimu mmoja ukipita, awatazama waliomo katikati ya mageuzi hayo akawahukumu kuwa ni wanyama wa kuwindwa. Na mwanasayansi wake, Jaeger, aitumia elimu yake kutafuta namna ya kuigeuza hewa iwafae watu wa Dunia, ijapokuwa itawaangamiza wenye nchi.

Hapo ndipo lipatapo maana kasha aliloleta Daktari, mhusika mkuu wa mfululizo huo, kasha lisilokubali kufunguka ila mkononi mwa yule lililotumwa kwake. Kijana Ky, mwenyeji wa Solos na mpigania uhuru, alishika likafunguka, na ndani mna vibao vya mawe vilivyochorwa maandishi ya wazee wake. Avitazama, wala hawezi kuvisoma. Katika sehemu zote sita sijaona taswira ya ukoloni iliyo chungu kuliko hiyo ya mrithi aliyekabidhiwa urithi wake, naye hana macho ya kuusoma.

Na hapo hapo ndipo watunzi wanapokwama, nami nawalaumu kwa hilo kwa kuwa kazi yao naipenda. Mawe yale yasomwa na Daktari akisaidiana na Sondergaard, mtaalamu wa Dunia aliyejificha pangoni. Wageni wawili ndio wanaomweleza mwenyeji mwili wake utakuwaje. Ky ageuka nuru, apenya kuta, amwangamiza Jemadari. Lakini hatuonyeshwi hata mara moja akiketi kujifunza herufi zile, na hadithi inapokwisha, abakiye Solos kuwaongoza wengine katika mageuzi yao ni Sondergaard.