KIMYA KINGI KINA MSHINDO

Juma hili nakuomba twende pamoja Tabora, na twende kwa njia ya zamani. Tutoke Bagamoyo, tupite Mpwapwa, tuikate nyika ya Ugogo hadi Unyanyembe. Mwenye nguvu aendelee mpaka Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ndiyo njia ya misafara, ambayo katika karne ya 19 ilipitisha pembe za ndovu, nguo, shanga na baruti. Ilipitisha watumwa pia, na hilo hatuna budi kulisema.

Misafara ile ilijua kuhesabu. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, yaani kama kilo 16. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba hata frasila mbili begani, siku baada ya siku. Nguo zilihesabiwa kwa doti, shanga kwa nyuzi. Mwingereza Richard Burton, aliyeingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika kitabu kikubwa kilichojaa hesabu za namna hiyo.

Lakini upo mzigo mmoja ambao haukupimwa. Wanawake nao walikuwamo njiani: wake wa wapagazi, wapishi, wabeba vyungu na chakula, na mateka. Wengine walikuwa wajawazito. Burton huyo huyo anaeleza kwamba mwanamke wa Kinyamwezi siku zake zikitimia hutoka nyumbani, huingia porini, na baada ya saa chache hurudi na mtoto mgongoni ndani ya ngozi ya mbuzi, na pengine na mzigo wa kuni juu yake.

Habari za namna hiyo hupendwa sana na wanaosifu uimara wa bibi zetu. Mimi kila nikiikumbuka hujiuliza jambo moja. Je, yule aliyerudi na kuni peke yake, mgongo mtupu, aliandikwa na nani?

Mwanamke yule hakuwa na saa ya mkononi wala kadi ya kliniki. Alikuwa na tumbo lake. Mchana, jua kali na miguu ikienda, mjamzito hasikii sana mtoto akicheza. Jioni, mzigo umetuliwa na mwili umepumzika, ndipo humsikia. Ndivyo ilivyo kwa mama wa Kariakoo leo, na sioni sababu ya kudhani kwamba kambini Tura au Rubuga mwili wa binadamu ulikuwa mwingine.

Wataalamu wa leo wanaeleza hivi. Mama huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 20. Mchezo huongezeka hadi kama wiki ya 32, halafu huendelea hivyo hivyo mpaka uchungu unapoanza. Mtoto hulala, ndiyo, lakini kwa kawaida ni dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupita dakika 90.

Nayasema haya kwa sababu. Miaka mingi iliyopita dada yangu, akiwa na mimba ya miezi minane na nusu, alikwenda kwenye zahanati moja akasema mtoto hachezi kama alivyozoea. Akajibiwa: "Mtoto amekua, nafasi imekwisha, ndiyo maana ametulia. Nenda nyumbani." Akaenda nyumbani. Siku ya tatu alijifungua mtoto mfu. Siwezi kusema kwa yakini kwamba angeokolewa. Ninachoweza kusema ni kwamba jibu alilopewa halikuwa kweli. Mtoto mkubwa anaweza kubadili namna ya kujinyoosha tumboni, lakini haachi kucheza kwa sababu ya kukosa nafasi.

Hapa pana historia nyingine, ya masikio. Mwaka 1821, mjini Paris, daktari Kergaradec alitangaza kwamba moyo wa mtoto unasikika kupitia tumbo la mama. Mwaka 1895 Mfaransa mwenziwe, Adolphe Pinard, akatengeneza kile kipembe ambacho wakunga wetu bado wanakitega tumboni. Ni chombo kizuri, kimeokoa wengi. Ila kwa kadiri sikio la mtaalamu lilivyopanda cheo, nachelea kwamba neno la mama lilishuka.

Baadaye wataalamu walimrudia mama, wakampa hesabu. Mwaka 1976, huko Cardiff, alifundishwa kuhesabu tangu asubuhi mpaka mtoto afikishe michezo kumi. Utafiti wa mwaka 1989 uliohusisha zaidi ya wanawake 68,000 haukuona kwamba kuwahesabisha wajawazito wote kunapunguza vifo. Mwingine wa mwaka 2018, wa mimba zaidi ya 400,000 Uingereza na Ireland, uliunganisha elimu kwa mama na utaratibu maalumu hospitalini. Nao haukuonyesha upungufu wa kutosha.

Je, basi mama anyamaze? La hasha! Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, halikuagiza kila mama ahesabu kila siku. Lakini lilisema ajulishwe umuhimu wa mchezo wa mtoto katika miezi mitatu ya mwisho, na atoe taarifa ukipungua. Hesabu si mwokozi. Mama ndiye anayeijua desturi ya mtoto wake, na kazi inayobaki ni kumsikiliza na kumpima mara moja.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Kwa mama wa kijijini, hata hivyo, safari ndefu ingali ile ya kutoka mlangoni kwake hadi penye mkunga, usiku, kwa baiskeli au pikipiki. Kwa hiyo mjamzito asingoje kesho, wala asijidanganye kwa soda au maji baridi. Mtoto akipunguza mchezo, aende siku hiyo hiyo. Na wewe mwanamume unayeishika nauli, usimwulize ana hakika gani. Mpe, na ikiwezekana mfuate.

Siku hizi angalau tunahesabu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa wafu baada ya wiki 28 za mimba. Katika njia ya Unyanyembe hakuna aliyewahesabu. Ndovu aliyekufa alipata mizani yake, mtoto hakupata hata mstari.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Kimya cha tumboni mshindo wake husikika kwanza kwa mama. Akisema amekisikia, tumsadiki.